Nani Anabeba Kisu?

Kisu cha kambi kilichofuliwa kwa mkono huanza kama takataka. Springi ya lori, ile iliyobeba simiti na viazi mpaka ikachoka, inakatwa, inatiwa kwenye moto wa makaa, inapigwa nyundo juu ya kipande cha reli. Ikifika joto la digrii 770 hivi, sumaku haiishiki tena. Fundi mzoefu hana haja na kipimajoto, anaisogezea sumaku na kuangalia rangi. Kisha anaizamisha kwenye oili, inakuwa ngumu lakini rahisi kuvunjika kama glasi. Kwa hivyo anairudishia joto la pole, kama digrii 200, ili ipunguze ukaidi. Hiyo hatua ndiyo naipenda zaidi: chuma kinafundishwa uvumilivu.

Halafu mtu anakinunua, anaenda nacho Ngong au Aberdare, anapasulia kuni, anakatia nyama, anapiga picha. Ama anakipeleka kwingine kabisa. Sasa, kisu kikitoka kwa aliyekifua kikaenda kufanya ubaya, je, huo ubaya unamhusu fundi?

Jibu la kibanda cha chai ni hapana. Kisu hakina akili, muulize aliyekishika. Sawa, lakini kuna watu waliolifikiria hili swali muda mrefu kutuliko na hawakuliachilia kirahisi hivyo. Kwa Wamaasai, kazi ya kufua chuma ilikuwa ya Il-kunono, ukoo wa wahunzi, na wahunzi walihesabiwa najisi. Merker, afisa Mjerumani aliyechapisha kitabu kuhusu Wamaasai mwaka wa 1904, aliandika sababu yake: Mungu alikataza kumwaga damu, na mhunzi ndiye anayetengeneza vitu vinavyowashawishi watu kuimwaga. Basi moran akipokea simi au mkuki kutoka kwa mhunzi, alijipaka mafuta mkononi kwanza. Kuoana nao pia kulikuwa mwiko.

Hebu itazame hiyo picha vizuri. Moran anajikinga na uchafu wa mtu aliyeshinda motoni mchana kutwa, halafu anaichukua ile ile simi, anaitia kwenye ala yake ya ngozi nyekundu, anaenda kuitumia. Lawama imetolewa kwenye mkono unaopiga ikawekwa kwenye mkono uliofua. Mnataka silaha na mnataka pia kuwa wasafi, kwa hivyo mnatafuta ukoo mmoja uwabebee.

Na tusijifanye hayo ni ya zamani, ama ya Wamaasai peke yao. Waulize watu wa rika langu wanakumbuka nini kuhusu ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Tulikuwa watoto, na wengi watakuambia: panga. Kifaa cha kufyekea shamba kikageuka kuwa sura ya vita. Lakini Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133, na 405 kati ya hivyo vilikuwa vya risasi. Zaidi ya thuluthi moja. Risasi haina sura, haina fundi tunayemjua, haiuzwi kando ya barabara, ndio maana haikutukaa kichwani. Tunalaumu chuma tunachoweza kukiona kikifuliwa.

Kuna fundi mmoja pale Kamukunji nilimuuliza moja kwa moja. "Mzee, huwa unafikiria visu vyako vinaenda wapi?"

Hata hakuinua kichwa. "Kijana, na yule wa petroli mshamuuliza?"

Alinishika hapo. Nyumba zilichomwa, na sijawahi kusikia mtu akiogopa kumpa mkono mwenye kituo cha petroli. Lakini bado nadhani fundi ana kitu ambacho muuza petroli hana. Petroli inamfikia ikiwa petroli. Yeye kisu anakiumba. Ncha iwe kali kiasi gani, mpini ushikike vipi mkono ukiwa na maji, hayo yote ni uamuzi wake. Na kuna ala.

Ala ya ngozi ina kazi yake. Ngozi nene ya ng'ombe inaloweshwa, inabanwa juu ya kisu mpaka ichukue umbo lake, inaachwa ikauke. Kando ya makali, katikati ya zile pande mbili, kunashonewa kipande chembamba cha ngozi ili makali yasiufikie uzi. Juu kunawekwa mkanda wenye kifungo. Na katika kazi yote hiyo hakuna hata kidogo kinachofanya kisu kikate vizuri zaidi. Ala inatengenezwa kwa ajili ya paja la mwenye kisu, mtoto atakayekikuta mezani, abiria atakayekaa kando yako kwenye matatu. Ndiyo sehemu pekee ya kisu inayowafikiria watu wengine.

Wajibu wa fundi ningeuweka hapo. Hawezi kukifuata kila kisu hadi nyumbani, na kumwita najisi kwa damu asiyoimwaga ni uoga wetu tu. Lakini anaweza kuuliza, "Cha kazi gani?" Anaweza kukataa kuuza makali matupu yaliyofungwa kwa gazeti. Akishafanya hivyo, kinachobaki ni kile kifungo, na dole gumba la mtu mwingine likikifungua. Hiyo nusu sekunde si ya fundi tena.

Yule mzee wa Kamukunji aliniambia ala inapandisha bei, na wateja wengi huomba kisu bila ala. Nikamuuliza kama huwauzia. Akasema ndio, kwa sababu akikataa watavuka tu hadi kibanda cha pili, na nyumbani watu wanataka kula. Tangu siku hiyo nimepunguza kumtazama yeye, nikaanza kuwatazama hao wanaobembeleza wapunguziwe.