Mkono Uliosita

Jumamosi asubuhi, kabla jua la Mombasa halijaanza kuuma, ukumbi wa shule ya msingi hunyamaza kwa namna nisiyoizoea mahali penye watoto wengi hivyo. Dakika kumi kabla huwa ni vurugu: mifuko ya mahamri inafunguliwa, viti vinaburuzwa, kete za plastiki zinamwagika na watoto wanazifukuzia chini ya madawati. Kisha mwamuzi hupiga makofi mawili. Huwakumbusha masharti yale yale. Peaneni mikono. Ukigusa kete yako, hiyo ndiyo utakayocheza. Ukiiachia, imekwenda. Ukiwa na shida inua mkono, usibishane na mwenzako. Halafu hutugeukia sisi watu wazima na kutuomba kwa adabu tutoke nje.

Nasi hutoka. Kuna benchi chini ya mwarubaini, na juu ya benchi dirisha lenye nondo. Ukisimama unaona ndani, ukikaa huoni kitu. Mjukuu wangu ana miaka minane. Akiketi mezani miguu yake haifiki chini, na huitikisa mfululizo mpaka zamu yake ya kucheza ifike. Hapo miguu yote miwili hutulia.

Siku ya kwanza nilitoa tasbihi mkobani nikaanza kumwombea ashinde. Sikufikiri hata kidogo. Ni kama kumfunga mtoto kifungo cha koo kabla hajatoka kwenda shule, mkono unajua njia. Nilikuwa nimeshavuta shanga thelathini hivi niliposikia mnong'ono kando yangu. Mama wa makamo yangu, kilemba cha kitenge, rozari mkononi.

"Wako ni yupi, dadangu?" aliniuliza.

Nikamwonyesha. Naye akanionyesha wake, kijana mdogo mwenye shati la shule lililompwaya mabegani. Tukatabasamu, kila mmoja akarudi kwenye shanga zake. Zangu zikakataa kwenda.

Maana huyu naye anaomba kile kile. Kila meza ina pointi moja, na wamekaa watoto wawili. Kwenye benchi lile tulikuwa wanawake saba, mababa wawili na babu mmoja mwenye bakora, na naamini hakuna aliyekuwa akiomba mjukuu wa mwenziwe ashinde. Nikajiuliza: mimi namwomba Mola nini hasa? Amfumbe macho mtoto wa mwanamke huyu asione hatari iliyo mbele yake? Ndiyo maana ya dua yangu ukiigeuza upande wa pili. Nilikaa na tasbihi imelala mapajani kama kitu nilichoazima.

Watoto wanaita mchezo huu chesi. Marehemu baba yangu aliuita sataranji, na hakuucheza. Yeye alikuwa mtu wa bao, na barazani kwetu bao lilichezwa kwa mdomo kama lilivyochezwa kwa mkono, kwa mafumbo, kejeli na vicheko mpaka magharibi. Juzijuzi tu nimehesabu: bao letu lina mashimo 32 na kete 64, na ubao wa sataranji una miraba 64 na kete 32. Sijui la kufanya na jambo hili isipokuwa kulipenda. Kinachotofautisha zaidi ni kimya. Baba angeshangaa kuona mchezo ambao mtu akifungwa hatukanwi, hachekwi, anapewa mkono tu.

Kabla ya kumleta mtoto nilisita kwa muda. Sataranji ilitoka India, ikapita Uajemi, ikafika kwa Waarabu, na Baghdad ya karne ya 9 na ya 10 ilikuwa na mabingwa walioiandikia vitabu, kina al-Adli na as-Suli. Malkia wa leo alikuwa waziri. Askofu alikuwa ndovu, fili. Lakini umaarufu wake haukuwanyamazisha wanazuoni. Wa madhehebu mengine waliikataza. Wa kwetu, madhehebu ya Imam Shafi'i yaliyoenea pwani hii yote, waliiona makuruhu na si haramu, maadamu haina kamari, haipitishi swala, wala haichafui ulimi. Makuruhu si sifa. Ni neno la kumwambia mtu: unaweza kupita, lakini angalia unapokanyaga. Nikaamua nitampeleka, nami nitakuwa wa kuangalia. Sikujua kwamba wa kuangaliwa ningekuwa mimi.

Niliposhindwa kuomba nilisimama dirishani nikatazama mikono. Tangu hapo ndicho ninachofanya kila Jumamosi, natazama mikono ya watoto. Mtoto mgeni wa mashindano mkono wake hutangulia. Unaruka kama wa mtu anayeua mbu, unanyakua farasi, na akili inafika baadaye. Macho yanatanuka. Anataka kumrudisha. Mwenzake anamnyooshea kidole yule farasi na mwamuzi anakuja, anainama, anazungumza kwa sauti ya chini sana: umegusa, mwanangu, lazima umcheze. Nimemwona mtoto akimshika farasi yule hewani kwa muda mrefu, machozi yanamtiririka, akitafuta mahali pa kumtua pasipouma sana.

Wale waliozoea mkono wao husita. Unatoka mapajani, unafika juu ya ubao, unabaki hapo. Baadhi ya makocha huwafundisha watoto waikalie mikono yao wenyewe, na utawaona kweli, mabega juu, viganja chini ya mapaja, wanautazama ubao kama watu wanaochungulia kisima.

Kuna ruhusa moja ya kugusa bila kucheza. Kete ikiwa imekaa upande, mtoto ambaye ni zamu yake anaweza kuiweka sawa katikati ya mraba wake, lakini lazima aseme kwanza: "Narekebisha." Akisema baada ya kugusa, amechelewa, na atawajibika kucheza alichogusa. Tendo la vidole ni lile lile. Linalotofautisha ni kilichotangulia.

Nilipolifahamu sharti hilo nilirudi benchini nikakaa. Sisi tumefundishwa tangu udogoni kwamba nia mahali pake ni moyoni, na kwamba kuitamka kabla ya takbira ni sunna ili ulimi uusaidie moyo. Imam Nawawi, katika zile hadithi arubaini alizozikusanya karne ya 13, ameanza na hadithi ya nia, na ndiyo ya kwanza waliyotuhifadhisha madrasa. Miaka sitini naitamka nia mara tano kwa siku. Na mara ngapi nimetamka huku mkono umeshafika kwenye jambo jingine, kwenye chungu, kwenye deni, kwenye maneno niliyopanga kumwambia jirani? Nimegusa kwanza, nikarekebisha baadaye. Mtoto wa miaka saba haruhusiwi.

Lakini nia nayo si jambo la kulikazia macho mno. Namfikiria Phiona Mutesi wa Katwe, mtaa wa mabanda jijini Kampala. Robert Katende alianza kuwafundisha chesi watoto wa pale mwaka 2004, na waliofika walipata uji. Phiona alikuwa na miaka kama tisa alipomfuata kaka yake, na alichokuwa akikifuata ni ule uji. Hakuwa na nia ya ubao, alikuwa na njaa. Aliyemwonyesha jinsi kete zinavyokwenda alikuwa mtoto mdogo kuliko yeye. Baadaye aliiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya chesi, na mwaka 2016 kisa chake kikawa filamu iliyoonekana dunia nzima. Watu hupenda kusimulia mwisho ule. Mimi hunikaa zaidi mwanzo: kikombe cha uji moto, na mtoto mdogo anayemwambia mkubwa, huyu huenda hivi, huyu huenda vile. Kwa hiyo nisiseme kwamba heri huja kwa aliyenuia tu. Wengine Mola huwavuta kwa tumbo.

Jambo jingine lililonigusa ni kwamba hapa hakuna anayefukuzwa. Katika mpira wa mtoano ukifungwa unafunga mizigo. Hapa hutumika utaratibu unaoitwa wa Kiuswisi, uliotumika kwanza Zürich mwaka 1895: kila raundi hukutanishwa waliolingana pointi. Washindi hukutana na washindi, na aliyefungwa huenda akamkuta mwenziwe aliyefungwa, na wote hucheza mpaka raundi ya mwisho. Nimemwona mtoto aliyepoteza michezo minne akishinda wa tano, kwenye meza ya mwisho kabisa iliyo karibu na mlango, akaruka mpaka kiti kikaanguka. Kwenye meza ya kwanza sijaona furaha kama ile. Na watoto wakiwa idadi isiyogawika kwa mbili, mmoja hukosa wa kucheza naye, akapewa pointi ya bure. Ungedhani angefurahi. Huketi peke yake kando ya ukuta akiwatazama wengine, na mara kwa mara huenda kumwuliza mwamuzi kama hakuna mtu aliyechelewa kufika.

Mwezi uliopita, raundi ya tatu ilipokwisha, adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa msikiti wa ng'ambo ya barabara. Mwamuzi akatoa mapumziko. Tuliovuka tukavuka, wengine wakagawana viazi karai chini ya mwarubaini. Niliporudi orodha ya raundi ya nne ilikuwa imebandikwa ukutani. Mjukuu wangu, pointi mbili, alipangiwa na yule kijana mwenye shati la kupwaya, pointi mbili.

Mama wa rozari alikuwa ameshaisoma. Alinisogezea nafasi benchini. "Haya, dadangu," alisema, akanyamaza. Hatukutoa shanga, si yeye si mimi. Tulisimama pamoja dirishani, mkono wake na wangu kwenye nondo ileile.

Wangu alicheza vizuri. Alimla ngome, akamla farasi, kisha kitunda chake kimoja, askari kama watoto wanavyomwita, kikatembea polepole hadi mstari wa mwisho kikawa malkia. Sasa ana malkia wawili. Kijana amebaki na mfalme pekee, amekwama pembeni, anasogea mraba huku, mraba kule. Hakutaka kukubali kwamba amefungwa. Alikuwa amekaa wima kabisa. Nikamsikia nyanyake akivuta pumzi.

Mjukuu wangu aliona ushindi, na mkono wake ukatangulia. Malkia akateleza, akatua, akaachiwa. Kijana akatazama. Akatazama tena. Kisha akainua mkono kumwita mwamuzi. Mfalme wake hakuwa ametishwa na kete yoyote, lakini hakuwa na mraba hata mmoja wa kwenda. Sheria husema hiyo ni sare. Nusu pointi huyu, nusu pointi yule.

Kuna jambo katika mchezo huu nililochelewa kulitambua: mfalme haliwi kamwe. Wengine wote huliwa, lakini kwake mchezo husimama hatua moja kabla. Neno chekimeti limetoka Uajemi, shah mat. Wapo wanaolifungamanisha na mauti ya Kiarabu, na wapo wanaosema mat ya Kiajemi ni kuduwaa, kukosa la kufanya. Siku ile nilielewa tafsiri ya pili. Mfalme wa yule kijana alikuwa hai. Aliyeduwaa alikuwa mwenye malkia wawili.

Walipeana mikono. Mjukuu wangu alitoka ukumbini uso umekauka, akaja mpaka kwenye benchi, akaufukia uso kwenye buibui langu ndipo akalia. "Nilikuwa na malkia wawili, Nyanya," alisema. "Wawili." Sikuwa na la kumjibu. Mama wa rozari alifungua mkoba wake, akatoa kifuko cha mabuyu, akampa wangu kwanza, kisha akampa mjukuu wake. Watoto wakakaa chini wakamumunya, midomo ikawa myekundu. Baada ya muda kijana akasema, "Ungemweka malkia mraba mmoja nyuma tu." Wangu akasema, "Najua." Wakaanza kuchora ubao mchangani kwa kijiti.

Sikumwomba Mola chochote kwa raundi ya tano. Au nisiseme hivyo. Niliinua viganja, nikavishikilia hapo, nikakaa muda mrefu kabla neno halijatoka, na nilipohisi linataka kuwa lile la zamani nikalizuia. Lililokuja baadaye lilikuwa fupi, na lilikuwa na watoto wote wawili ndani yake.

Usiku, baada ya isha, mjukuu wangu alitandaza ubao wake mkekani. Alizipanga kete zake na zangu, akaugeuza ubao ili nyeupe ziwe upande wangu. Kocha wao amewaambia kwamba mweupe ana njia 20 za kuanza, na mweusi naye 20 za kumjibu, kwa hiyo wakishacheza mara moja moja tu ubao unaweza kuwa umekaa kwa namna 400. Aliniambia hayo kwa fahari, kama mtu anayemkaribisha mgeni nyumbani kwake. Umeme ulikuwa umekatika, tulikuwa na taa ya chemli. Nikanyoosha mkono kuelekea kile kitunda kilicho mbele ya mfalme, kwa kuwa ndicho nilichoona wakikianza wao.

"Nyanya," akasema, "usiguse kwanza."