Kuijua Nafsi Wakati wa Hasira

 

Katika mambo ambayo watu hutujia nayo sana baada ya sala ya alfajiri ni hili la talaka iliyotamkwa usiku. Mtu huja na macho mekundu, hakulala, akauliza: "Sheikh, nilikuwa na hasira, je, imepita?" Nasi humuuliza hasira hiyo ilikuwa ya nini. Hapo aghalabu hunyamaza. Mmoja hutaja mchuzi uliozidi chumvi, mwingine hutaja mlango uliochelewa kufunguliwa. Lakini akiulizwa siku yake ilikwendaje tokea asubuhi, hutoka khabari nyengine kabisa: alitukanwa kazini mbele ya vijana aliowazidi umri, au alidaiwa deni barazani na watu wakisikia. Basi ile haikuwa hasira ya mchuzi. Ilikuwa ni aibu na unyonge, vilivyokosa pa kutokea mchana, vikamwangukia usiku mwanamke asiyekuwa na kosa.

Wala sharia haimwachilii mtu hivi hivi kwa kuwa alikasirika. Ibnul Qayyim aliandika risala mahsusi juu ya talaka ya mwenye ghadhabu, akaigawanya ghadhabu mafungu matatu. Iko ile ya mwanzo, ambayo mtu ajua asemalo na alikusudia. Talaka yake yapita bila ya shaka. Iko iliyofika kikomo hata mtu asijue atamkalo, hiyo haipiti. Na iko ya kati, nayo ndiyo yenye khitilafu. Walakini maulamaa wengi, na wa madhehebu yetu ya Imamu Shafii wamo, husema kuwa madamu akili ipo, neno limekwisha pita. Na wangapi katika hao wanaotujia waweza kuapa kwamba akili haikuwapo? Mtu aliyekumbuka kulitaja jina la mkewe na la baba yake, na kuhesabu mpaka tatu, alikuwa nayo akili. Siku hizi wako hata wanaoandika talaka kwa simu ya mkononi, herufi kwa herufi, kisha husema ghadhabu iliwapofua macho!

Twaona kwamba asili ya balaa hili ni ujinga, na ujinga wenyewe si wa hukumu za talaka peke yake. Watoto wetu twawafundisha faradhi za udhu na sharti za sala, na ni wajibu wetu. Lakini hapana anayewafundisha kuyatambua yanayopita ndani ya vifua vyao: kwamba hii ni khofu, hii ni husuda, hii ni huzuni, na kwamba haya yote huweza kuvaa kanzu ya hasira. Kijana hukua akijua neno moja tu, "nimekasirika", na kwa neno hilo hupiga, huvunja, na huacha.

Maulamaa wetu wa zamani hawakuidharau ilimu hii. Al-Harith al-Muhasibi, aliyekufa mwaka 243 wa Hijra, alipewa lakabu yake kwa sababu ya kuihesabia nafsi yake yaliyomo. Na Imamu Ghazali, katika Ihyaa, ana kitabu kizima juu ya ghadhabu, chuki na husuda. Huko Marekani, Peter Salovey na John Mayer waliandika mwaka 1990 juu ya akili ya kuzifahamu hisia, na Daniel Goleman akaieneza khabari hiyo kwa kitabu chake cha mwaka 1995. Vijana wetu wakakipokea kama kwamba ni jambo ambalo halikupata kusikiwa. Hatuwalaumu kusoma, hekima haina kabila. Twawalaumu kwa kuyaacha makabati ya baba zao yamefungwa.

Itazameni Sura ya Al-Aaraf, aya ya 150. Nabii Musa arudi kwa watu wake, awakuta waabudu ndama. Qur'ani haikusema kuwa alirudi na ghadhabu tu. Imetaja mawili, ghadhabu na huzuni. Akazitupa zile mbao, akamshika nduguye Harun kichwa akimvuta, naye Harun hakuwa na dhambi. Kisha katika aya ya 154 twaambiwa kwamba ghadhabu ilipomnyamazia Musa, aliziokota zile mbao. Ghadhabu imesemwa kuwa yanyamaza, kana kwamba ni mtu aliyekuwa akimpigia kelele sikioni.

Na katika Sahihi ya Bukhari imo khabari ya sahani. Mtume (s.a.w.) alikuwa nyumbani kwa mmoja wa wakeze, na mke mwengine akampelekea chakula. Yule mwenye nyumba akaupiga mkono wa mtumishi, sahani ikaanguka ikapasuka, na wageni wako. Fikirini, ndugu zetu, lau lingetokea hili katika nyumba zetu, mbele ya wageni! Mtume aliokota vipande, akakusanya chakula, akawaambia waliohudhuria kwamba mama yao ameshikwa na wivu. Alilitaja lile lililokuwamo moyoni kwa jina lake, akaacha kulijibu lile lililoonekana mkononi. Wala haki haikupotea: alimzuia mtumishi mpaka ikaletwa sahani nzima kutoka nyumba ile, akapelekewa aliyevunjiwa, na ile iliyovunjika ikabaki kwa aliyeivunja.

Naye alikuwa akimjua Bibi Aisha anaporidhika na anapokasirika, kwa namna ya kiapo chake tu: akiridhika huapa kwa Mola wa Muhammad, na akikasirika huapa kwa Mola wa Ibrahim. Wangapi katika sisi wamekaa na wake zao miaka 20 na hawajui alama hata moja?

Tusifahamiwe vibaya. Hatusemi kuwa Muislamu asikasirike kabisa. Ghazali ameifananisha ghadhabu na mbwa wa kuwindia: asiyekuwa naye hapati mawindo, na asiyemfundisha huumwa naye. Mtu anayeona yatima akidhulumiwa na moyo wake usitikisike, huyo hana hilmu, ana baridi. Na katika miji yetu ya pwani wako wengi wanaosifiwa upole kumbe ni baridi tu. Yule aliyeomba wasia, akaambiwa na Mtume mara kwa mara asikasirike, maulamaa wamefasiri kuwa ni kujiepusha na sababu zake na kutoyafuata inayoyaamrisha. Ndiyo maana katika hadithi ya Abu Dharr aliyesimama ameamrishwa akae, na isipomwondoka, alale. Mwenye kulala chini mkono wake haufiki mbali. Na kadhi amekatazwa kuhukumu baina ya wawili naye ana ghadhabu. Basi mume ambaye neno lake moja laweza kuvunja nyumba, vipi ajipe ruhusa aliyonyimwa kadhi?

Wako watakaosema kwamba kumweleza mke yaliyomo moyoni ni unyonge, na kwamba mwanamume humeza. Humeza, naam, kisha humtapikia aliye karibu. Kipi kinachomzuia kusema mlangoni: "Leo nimedhalilishwa, sina raha, wala si kwa ajili yako, niache kidogo"? Mtume (s.a.w.) aliposhuka kutoka pango la Hira, moyo wake ukitetemeka, hakumficha Bibi Khadija. Alitaka afunikwe, akafunikwa mpaka khofu ikamwondoka, kisha akamhadithia yaliyotokea na akamwambia waziwazi kwamba aliikhofia nafsi yake. Khadija akamtuliza kwa kumtajia wema wake, mmoja mmoja, kwa jamaa, kwa maskini na kwa mgeni, kisha akamchukua mpaka kwa Waraka bin Naufal.