Jirani Hukasirika, Kisha Hupoa

Wajukuu zangu, Katoro kila mtu kaja kutafuta. Huyu dhahabu, huyu duka, yule bodaboda. Nyumba moja ya kupanga ina milango minane, na wa mlango wa tatu hajui wa mlango wa tano katoka wapi. Ndipo neno "hayanihusu" lilipopata makazi.

Nililisema mimi. Jirani yangu alikuwa na binti wa kazi kutoka kijijini, mtoto mdogo bado. Nilimwona akichechemea. Nilimwona jua likizama akizubaa kisimani, hataki kurudi. Nikanyamaza nisiitwe mmbea. Siku nduguze walipokuja kumchukua, hakuwa akisema na mtu.

Basi nisikilizeni. Kutoa taarifa ya mtoto anayeumizwa si kuhukumu. Hutakiwi kuthibitisha, peleka ulichoona na ulichosikia: siku gani, wapi, mtoto alisema nini kwa maneno yake. Usimhoji kama hakimu, wala usimwahidi kuficha siri. Usimkabili mtuhumiwa, atamhamisha mtoto usiku huohuo.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeuweka wajibu huu kwa kila mwanajamii. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa afisa ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Mwenyekiti akiwa shemeji wa mtuhumiwa, mpite. Ukiogopa kuonekana, piga 116, ni bure.

Mtoto akiwa amebakwa, asiogeshwe, nguo zake zisifuliwe. Afikishwe hospitali upesi. Dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72. Watakuja wazee wenzangu na maneno ya kumalizana kwa ng'ombe. Msiwape kiti. Ng'ombe huingia zizini mwa baba, maumivu hubaki kwa mtoto.

Na huko mialoni, dhahabu inakosafishwa, mkimkuta mtoto anakanda mchanga kwa zebaki au anashushwa kwenye shimo la dhahabu, msiseme anamsaidia mama yake. Sheria imemkataza mtoto kazi ya mgodini, hata akipelekwa na mzazi.

Ukitoa taarifa ukawa umekosea, jirani atakununia mwezi, kisha mtasalimiana kisimani. Mimi sikukosea, niliona sawasawa, nikanyamaza. Ningependa kumwomba radhi yule binti, lakini sijui nimtafute kijiji gani. Miaka yote ile tulimwita "dada" tu. Jina lake sikuwahi kuuliza.