Nchi Istahiliyo Safari

Watu wengi wapatapo nafasi ya kusafiri huuliza swali moja kabla ya jingine lolote: Je, nchi ile yastahili kuzuriwa? Swali hili huulizwa kwa wepesi, kama mnunuzi aulizavyo bei ya nazi sokoni. Lakini, msomaji, ukilitazama vema utaona kuwa ndani yake mna hukumu. Mwenye kuuliza amejiweka katika kiti cha kadhi, na nchi nzima, pamoja na milima yake, mito yake na watu wake, imesimamishwa mbele yake kama mshtakiwa. Basi yafaa tujue hukumu hiyo hupimwa kwa mizani gani, na kama mizani yenyewe ni ya haki.

Tuchukue mfano mmoja, ili maneno yetu yapate mahali pa kukanyaga. Ng'ambo ya Msumbiji, mwendo wa kilomita 400 hivi baharini, kuna kisiwa ambacho wazee wa pwani yetu walikiita Bukini, na ramani za leo hukiita Madagaska. Ni kisiwa cha nne kwa ukubwa duniani. Eneo lake ni kilomita za mraba 587,000 hivi, karibu sawa na Kenya yetu. Ufaransa ilikifanya koloni lake mwaka 1896, nacho kikapata uhuru tarehe 26 Juni 1960. Pwani yake ina joto kali, lakini mji mkuu, Antananarivo, umejengwa juu ya vilima, na mwezi wa Julai wenyeji wake hujifunika nguo nzito kama watu wa Limuru. Je, Bukini yastahili safari?

Mizani ya kwanza watumiayo watu ni uvumi, nayo ndiyo mbovu kuliko zote. Katika karne ya 13 Marco Polo, msafiri mashuhuri wa Venice, alisimulia habari za kisiwa hiki ilhali hakupata kukikanyaga. Alisema kina tembo wengi na ngamia wengi. Bukini haina tembo wa asili hata mmoja, na wataalamu wengi hudhani kuwa msafiri yule alichanganya habari zake na za Mogadishu. Yeye alikosa kwa kusifu; uvumi wa siku zetu hukosa kwa kutisha. Mwaka 2017 maradhi ya tauni yalizuka Bukini, watu zaidi ya 2,000 wakahesabiwa kuwa wagonjwa, na zaidi ya 200 wakafariki. Msiba ulikuwa wa kweli. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba safari za kwenda huko zisizuiwe, na mlipuko ule ulidhibitiwa kabla ya mwaka kwisha. Lakini hofu ilikuwa imekwisha kukimbia mbele ya ukweli, na baadhi ya safari za ndege zikasimamishwa. Wahenga walisema kwamba asifuye mvua imemnyea. Tungeweza kuongeza kwamba na mwenye kuilaumu, yafaa naye awe imemnyea.

Mizani ya pili ni raha. Msafiri wa namna hii huhesabu vitanda laini, barabara za lami na vyakula alivyovizoea. Kwa mizani hii Bukini huenda ikashindwa. Njia zake nyingi ni mbovu, hasa wakati wa mvua. Malaria ipo. Kati ya Novemba na Aprili huja vimbunga kutoka Bahari ya Hindi. Kimbunga kilichoitwa Gafilo, mwezi wa Machi mwaka 2004, kiliua mamia ya watu. Simwambii msomaji kuwa mambo haya ni madogo. Mtu asafiriye bila kujali afya yake huwa mzigo kwa wenyeji wake, wakamuuguza wakati ambao wangewauguza watoto wao. Basi na ameze dawa ya kuzuia malaria, na achukue cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na achague miezi ya kiangazi. Lakini tazama: haya yote hujibu swali la lini na jinsi gani tusafiri. Hayajibu swali la kama nchi ina thamani. Mlango mwembamba haupunguzi thamani ya kilichomo ndani ya nyumba.

Mizani ya tatu ni elimu, yaani kuuliza: nchi hii ina jambo gani ambalo kwetu siwezi kujifunza? Hapa Bukini yapanda juu. Katika misitu yake wanaishi wanyama waitwao lemuri, jamaa wa mbali wa komba wetu. Jinsi zao zapita 100, wala hazipatikani mwituni katika nchi nyingine yoyote isipokuwa visiwa jirani vya Komoro, ambako watu ndio waliozipeleka. Kati ya jinsi nane za mibuyu iliyoko duniani, sita asili yake ni kisiwa hiki tu. Na lugha ya wenyeji, Kimalagasi, ni ajabu kubwa zaidi. Ndugu zake wa karibu wako Borneo, ng'ambo ya bahari nzima, kwa maana wahenga wa watu wale walivuka maji hayo kwa vyombo vya mbao. Lakini ng'ombe wao humwita omby, kuku humwita akoho, mbwa humwita amboa, na kanga humwita akanga. Mwanafunzi wa Mombasa au wa Kisumu asikiapo maneno hayo hahitaji mwalimu wa kumwambia kwamba watu wa bara letu nao walifika kule zamani, wakaacha mifugo na majina yake.

Lakini hapa msomaji mwenye huruma anaweza kutupinga. Atasema: Bukini ni miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani. Mwaka 2021, baada ya ukame wa miaka kadhaa kusini mwa kisiwa, watu zaidi ya milioni moja walihitaji msaada wa chakula. Mwezi wa Septemba mwaka 2025 vijana wa Antananarivo walitoka njiani kulalamikia ukosefu wa maji na umeme; mwezi uliofuata rais aliondoka, na jeshi likashika madaraka. Je, ni adabu mtu kwenda kutazama lemuri mahali ambapo binadamu ana njaa? Je, ni haki mgeni kuoga mara tatu kwa siku katika mji ambao mwenyeji wake amebeba ndoo usiku kucha akitafuta maji?

Pingamizi hili ni zito, wala tusilipite kwa haraka. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya fedha za wasafiri haifiki kijijini. Huishia kwa wenye ndege na wenye hoteli kubwa. Ni kweli pia kwamba yuko mgeni ambaye hufanya umaskini wa watu kuwa picha ya kuonyesha rafiki zake. Huyo heri abaki kwao. Lakini huruma ibakiayo nyumbani haipiki chakula cha mtu yeyote. Mkulima wa Bukini hufyeka msitu na kuuchoma ili apande mpunga, au hukata miti achome makaa, si kwa kuwa auchukia msitu, bali kwa kuwa watoto wake wanataka kula. Katika msitu wa Andasibe yuko lemuri mkubwa aitwaye indri, ambaye kwa wenyeji wengi ni mwiko kumwua. Mgeni huingia msituni pamoja na kiongozi wa mahali pale, ambaye hulipwa kwa elimu yake. Mahali ambapo kiongozi, mpishi na msusi wa vikapu wanapata riziki kutokana na msitu ulio hai, msitu huo umepata watetezi. Ugomvi wa siasa wa mwaka 2009 ulipowatisha wageni wasije, walioumia mapema walikuwa watu kama hao, ambao hawakuwa na sehemu katika ugomvi.

Sisi wa Kenya hatuna haja ya kuambiwa jambo hili mara mbili. Fujo zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwaondoa wageni hata katika hoteli zilizokuwa mbali na ghasia, na mwaka 2008 wapishi na madereva wengi wa pwani walirudi makwao bila kazi. Nchi yetu nayo ilikuwa imesimamishwa mbele ya makadhi wasioijua. Kama tuliona uchungu kuhukumiwa kwa mizani ya uvumi na ya raha, tutaipataje haki ya kuwahukumu jirani kwa mizani ile ile?

Wahenga wetu walisema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Methali hii ina mizani ya nne, nayo ndiyo kamili kuliko nyingine. Haiulizi mgeni atapata nini tu. Yauliza mwenyeji atakuwaje baada ya mgeni kufika. Wamalagasi wana neno fady, yaani mwiko. Kila kijiji kina miiko yake: mahali pasipokanyagwa, chakula kisicholiwa, siku isiyofanyiwa kazi. Mgeni aulizaye miiko kabla ya kuuliza bei, alaye katika mkahawa wa mwenyeji, alipaye ujira wa haki bila kubishana mpaka senti ya mwisho, na atumiaye maji kama mtu ajuaye kuwa ni haba, huyo amekuja mwenyeji akapona.

Basi jawabu langu, msomaji, ni kwamba Bukini yastahili safari, ila si kila msafiri aistahiliye Bukini. Nchi hustahili ikiwa ina la kumfundisha mgeni. Mgeni hustahili ikiwa kufika kwake hakumpunguzii mwenyeji chakula, maji wala heshima. Hukumu iliyo kamili yataka pande zote mbili zipimwe. Wengi wenu hamna nauli ya kuvuka bahari leo, lakini likizo ijayo huenda mkaalikwa katika wilaya msiyoijua, kwa watu wa lugha nyingine. Kabla ya kuuliza kama mahali pale panawafaa, ulizeni kwanza kama ninyi mtapafaa. Asiyeweza kulijibu swali hilo akiwa Turkana au Lamu hatalijibu akiwa Antananarivo.