Mgeni na Jembe Lake

Katika kujenga utamaduni wa taifa, hatuna budi kujiuliza swali moja gumu: mtu huwa mwenyeji wa nchi kwa damu, kwa wingi wa miaka, au kwa jasho lake? Wazee wetu walikwisha kulijibu kwa methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Twataka kuipima methali hiyo kwa historia ya Wagujarati katika njia ya misafara, hasa Tabora.

Tabora ni mji uliozaliwa na safari. Hapo Unyanyembe njia itokayo Bagamoyo iligawanyika, moja ikaelekea Ujiji, nyingine Karagwe na Buganda. Wanyamwezi waliishika njia hiyo tangu zamani, wakibeba mizigo hadi pwani, na baadhi yao wakalowea huko. Miongoni mwa wageni wa mwanzo kufika kwao alikuwa Musa Mzuri, Khoja wa Surat katika Gujarat. Speke alipopita mwaka 1861 alipokewa nyumbani kwake. Na mwaka huohuo Musa akafariki dunia humu bara, mbali na bahari iliyomleta.

Lakini wengi walioiendesha njia hiyo hawakupata kuikanyaga. Taria Topan, mzaliwa wa Kutch, alikaa Unguja akimkopesha Tippu Tip bidhaa. Sewa Haji Paroo alikaa Bagamoyo akiipatia misafara wapagazi, kaniki, merikani na shanga. Mikopo hiyo ililipwa kwa pembe za ndovu, na njia iliyopita pembe ilipita pia watumwa. Je, mwenye kukopesha fedha, asiyeshika mjeledi, ana lawama? Twasema anayo, kwani faida haifiki mkononi bila kupita mahali. Lakini Sewa Haji huyohuyo, aliyefariki mwaka 1897, alitoa mali yake kujenga shule ya Bagamoyo kwa watoto wa rangi zote, na hospitali ya Dar es Salaam; na jina lake lingalipo Muhimbili. Wema haufuti deni, wala deni halifuti wema. Mwenye kuandika historia kwa haki huandika yote mawili.

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, misafara ilikufa na maduka yakaongezeka. Lugha yetu iliwapokea wenye maduka mapema: maneno bima, hundi, laki na gari ni mali yetu leo, ingawa chimbuko lake ni Bara Hindi. Mioyo ilichelewa. Serikali ya kikoloni ilitenga shule na hospitali kwa rangi, na jumuiya nyingi za Wahindi nazo zikajifungia katika ndoa na vilabu vyao. Hivyo mtu aliweza kuzaliwa, kuuza chumvi miaka sitini na kuzikwa Tabora, bado akaitwa mgeni.

Ilikuwa Tabora pia, Januari 1958, ambapo mkutano mkuu wa TANU ulikubali kushiriki uchaguzi wa kura tatu, yaani kila mpiga kura amchague Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Wengi waliuona mpango huo kuwa tusi. Lakini TANU iliugeuza, ikawaunga mkono Waasia na Wazungu walioafiki uhuru. Mmoja wao alikuwa Amir Jamal, mzaliwa wa Mwanza, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Fedha. Na mwaka 1961 Mwalimu Nyerere alikataa katakata uraia wa kupimwa kwa rangi.

Hata hivyo njia haikunyooka. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Sheria ilitaja mali, haikutaja rangi. Lakini wengi walioguswa walikuwa Waasia, na wengi wakahamia Uingereza na Kanada. Mwaka 1972 Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda. Mambo haya mawili si mamoja: kumtwalia mtu nyumba kwa ajili ya ukubwa wa mali ni jambo moja, kumfukuza kwa ajili ya kuzaliwa kwake ni jingine. Lakini taifa lenye haki halina budi kuuliza pia jinsi sheria yake inavyoonekana machoni pa anayeondoka.

Sasa tuirudie methali. Wengi huitumia kumkemea mgeni mvivu. Lakini haisemi mgeni atafute jembe; yasema mpe. Amri hiyo yamwelekea mwenyeji. Anayepewa jembe hana budi apewe na sehemu ya kulima, na mavuno, na neno katika baraza. Mgeni akilikataa jembe, akapenda mavuno tu, kosa ni lake. Mwenyeji asipolitoa, kisha akamlaumu mgeni kwa kutolima, kosa limehama.

Uenyeji, basi, hautoki katika damu, wala wingi wa miaka hautoshi kuuleta. Ni mzigo unaochukuliwa na wawili, kama wapagazi walivyochukua pembe kubwa kwa mti mmoja mabegani: mmoja akiutua, mwingine hafiki.