Kamba kochi si wa hotelini peke yake

Binti mmoja wa Dar es Salaam aliamua kumpikia mama yake anayetimiza miaka sitini. Alfajiri alikuwa soko la samaki la Feri, akabishana bei mpaka jasho likamtoka, akarudi na kamba kochi wanne ambao bado walikuwa wakipiga mkia ndani ya kapu. Usiku sahani zilipotua mezani, mjomba akamtazama mpwa wake, akatazama sahani, akauliza kwa nini familia haikwenda hotelini tu. Kamba kochi, akasema, anapikwa na mtu mwenye kofia ndefu nyeupe. Watu wakacheka, na binti naye akajilazimisha kucheka.

Tatizo ni kwamba nyama ilikuwa ngumu kama ndala. Ndiyo maana maneno ya mjomba yaliaminika pale mezani, na ndiyo maana yanastahili kujibiwa hapa kabla hayajageuka sheria ya kila sebule.

Binti alifuata video ya Kimarekani. Kamba wa huko, yule wa jimbo la Maine, ni kiumbe wa maji ya baridi, mwenye magando mawili makubwa yaliyojaa nyama, na nusu ya maelekezo ya kumpika yanahusu magando hayo: yaive vipi, yavunjwe kwa kitu gani. Wa kwetu hana gando hata moja. Ana masharubu marefu yenye miiba, na nyama yake karibu yote iko mkiani. Ukimchemsha kwa hesabu za magando, kisha ukaongeza dakika kwa sababu ya woga, umeshamharibu. Kamba wa nusu kilo anatosheka na dakika nane hadi kumi za mvuke. Rangi ya gamba isimdanganye mtu. Wekundu umo ndani ya gamba tangu akiwa baharini, umefungwa na protini; moto ukiifungua protini hiyo, gamba linageuka, mara nyingi kabla nyama ya ndani haijaiva. Cha kutazama ni nyama yenyewe: ikiacha kupenyeza mwanga na kuwa nyeupe kote, sufuria iteremke.

Mkaa ni bora zaidi. Kamba anapasuliwa katikati kwa urefu, unatolewa ule utumbo mweusi wa mkiani, anapakwa samli, kitunguu saumu na ndimu, kisha analazwa kwenye wavu gamba likiwa chini ili mchuzi wake usimwagike motoni. Anayependa nazi aweke tui zito mwishoni kabisa. Hakuna kazi hapo inayohitaji kofia. Mwanamke yeyote wa pwani anayeweza kupika pweza akalainika amekwisha kufanya kazi ngumu kuliko hii.

Lakini fedha hiyo, atasema msomaji, si ingenunua mbuzi? Huenda. Tena ni hoja nzuri, ila ajabu yake ni kwamba huibuka pale tu mtu anapopika kwake. Mtu huyohuyo akilipa mara mbili ya bei hiyo hotelini, pamoja na maji ya chupa na kodi, huitwa mkarimu. Na kuna jambo linalouma zaidi. Kamba hawa wanavuliwa na vijana wa visiwa vya Lamu na vijiji vingine vya pwani, wanaozamia kwa pumzi zao kwenye matumbawe, wengine wakiwa na pweza aliyefungwa kwenye fimbo. Pweza ni adui wa kamba. Akisogezwa kwenye pango, kamba anatoka mbio na kukutana na mkono wa mvuvi. Kinachotokana na ustadi huo hupakiwa kwenye barafu na kwenda kwa wageni. Kwamba mjukuu wa mzamiaji aone haya kumla nyumbani kwao, siku ya heshima ya mama yake, ni jambo ambalo safu hii haiwezi kulimeza.

Kuna swali moja zito, nalo halihusu bei. Ni lile la sufuria. Mwaka 2003 jarida la Gourmet lilimtuma mwandishi David Foster Wallace kwenye tamasha la kamba la Maine, likitarajia makala ya ulaji. Mwaka uliofuata likachapisha makala iliyowauliza wasomaji kama ni sawa kumtumbukiza kiumbe hai katika maji yanayochemka. Tangu Machi 2018 Uswisi inataka kamba azimishwe fahamu kwanza. Uingereza, katika sheria ya mwaka 2022, iliwaingiza kamba na kaa miongoni mwa wanyama wenye hisia. Watakaosema haya ni mambo ya Wazungu wakumbuke kwamba Waislamu wa pwani waliagizwa kunoa kisu ili mnyama asiteseke, karne nyingi kabla ya sheria hizo. Ni kweli, kwa wafuasi wa Imamu Shafii kiumbe wa baharini hahitaji kuchinjwa ili awe halali. Kutochinjwa, hata hivyo, si ruhusa ya kuteswa. Kamba wetu hata hutoa sauti ya kukwaruza anaposhikwa, akisugua mashina ya masharubu yake, na wazamiaji wanaijua.

Njia ipo, na ni rahisi. Azikwe kwenye barafu nyingi iliyochanganywa na maji ya chumvi mpaka atulie kabisa. Kiumbe wa maji ya joto hulegezwa na baridi. Kisha kisu kizito, kikali, kimpasue kwa urefu kuanzia kichwani, kwa haraka. Kumtoboa kichwa peke yake hakutoshi, kwa kuwa mishipa yake ya fahamu imepangwa kama mnyororo mwili mzima. Baada ya hapo aende motoni mara moja, maana nyama ya kamba aliyekufa huharibika upesi.

Hata hivyo kazi inaanzia sokoni. Mnunuzi amgeuze kamba tumbo juu. Akiona mayai yamebandikana chini ya mkia, ya rangi ya chungwa au kahawia, amrudishe kwa muuzaji, hata akiambiwa huyo ndiye mtamu na hata akipunguziwa bei. Sheria inakataza kumvua, na ana mamia ya maelfu ya mayai; yakianguliwa, vichanga wake watapeperushwa baharini kwa miezi kadhaa kabla wachache wao hawajarudi kwenye matumbawe. Kama siku hiyo hakuna kamba mwingine pale Feri, mama atapikiwa kolekole wa kupaka, na mjomba apewe kichwa.