Haki ya Kukumbuka

Kutamani mambo ya zamani ni tabia ya binadamu. Hana lawama mtu anayefungua sanduku, akakuta gazeti la picha la utoto wake limeliwa na mende, na moyo wake ukarudi nyuma miaka arobaini. Lakini tamaa hii, kama tamaa zote, yafaa kupimwa. Je, anayekumbuka huitendea haki zamani, au huitumia kuidhulumu leo?

Katika pwani ya Tanga, na katika vijiji vya Usambara ya Mashariki hata Amani, mtoto wa miaka ya 1970 na 1980 aghalabu hakuijua televisheni. Unguja ilipata televisheni ya rangi mwaka 1973. Tanzania Bara ilingoja hadi mwaka 1994. Picha ya kuchekesha ilimjia mtoto juu ya karatasi. Gazeti la Sani, ambalo jina lake limeungwa kwa majina ya waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nico Ye Mbajo, halikuwa la watoto peke yao. Lakini watoto walilisoma, wakawajua Kipepe, Madenge na Ndumilakuwili kama wajuavyo majirani. Jalada lilichorwa kwa mkono, na nakala moja ilipita mikono mingi hata pembe zake zikalegea.

Wanaoyatamani majalada hayo husema kuwa watoto wa siku zile walikuwa na fikira pana kuliko wa leo. Neno hili lina nusu ya kweli. Mchoro uliotulia humwachia mtazamaji kazi ya kukamilisha kwa akili yake kile kisichochorwa, na kazi hiyo ni mazoezi mema. Lakini nakala moja haikupita mikono mingi kwa ukarimu tu. Ilipita pia kwa sababu ya uhaba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 hata sabuni na sukari zilikuwa adimu. Nyuma ya kila mtoto aliyelisoma gazeti palikuwa na mwingine aliyeishia kuliona jalada likining'inia kwa muuzaji. Kuusifu uhaba ule baada ya kushiba ni kumsahau mtoto huyu wa pili.

Amani yenyewe ina fundisho lililo bora. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti hapo mwaka 1902. Mimea ilikusanywa, ikakaushwa, ikabandikwa juu ya karatasi. Na mkusanyo huo ukahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Jani kavu halijidai kuwa mti. Hakuna alimwagiliaye maji, wala hakuna anayeilaumu miti ya leo kwa kutofanana nalo. Lakini kando yake huandikwa jina la mmea, mahali lilipochumwa, tarehe, na jina la aliyelichuma. Maandishi hayo yakipotea, thamani kubwa ya jani imepotea pamoja nayo.

Majalada ya zamani hukumbukwa kinyume cha hivyo. Hutakiwa yawe mabichi tena, na watoto wa leo hulaumiwa kwa kuwa hayachipui. Lakini jina la mchoraji haliandikwi popote. Ni wangapi kati ya wanaocheka hata leo kwa vituko vya Sani wanaomtaja Philip Ndunguru, mmoja wa wachoraji wake, aliyefariki mwaka 1986 angali kijana? Kicheko kimebaki, mwenye kicheko amesahauliwa. Hapo ndipo ilipo dhuluma, nayo ni kubwa kuliko kosa lolote la mtoto mwenye simu mkononi.

Basi kumbukumbu njema ina masharti mawili: imtaje aliyetenda, na isimtoze deni aliyezaliwa baadaye. Mtoto wa leo naye atakuwa mtu mzima, atazitamani picha za utoto wake, na wanawe watamshangaa. Atakachohitaji siku hiyo ni mfano wa wakubwa waliojua kupenda kilichopita bila kuchukia kilichopo.